Nani Anakula Tairi? Historia Fupi ya Magurudumu ya Mbele

Mafundi wa gereji kwetu wana usemi wao kuhusu gari ambalo matairi yake ya mbele yanaisha upande mmoja: gari hilo, wanasema, "linakula tairi". Usemi ni mtamu, lakini unalibebesha gari lawama yote, kana kwamba lina ulafi wake. Makala haya yanatoa hoja nyingine. Katika magari ya mwendo kasi, tairi kuisha upande mmoja mara nyingi si ugonjwa bali ni bei. Kwa miaka zaidi ya mia mbili watengenezaji wamekuwa wakivutana juu ya bei hiyo: ilipwe kiasi gani, na nani ailipe.

Tuanze kabla ya magari. Mkokoteni wa farasi wa zamani ulikata kona kwa kuzungusha ekseli nzima ya mbele juu ya msumari mmoja wa katikati. Ukikata kona kali, magurudumu yaliingia chini ya bodi na mkokoteni ukawa rahisi kupinduka. Erasmus Darwin, tabibu wa Kiingereza na babu yake Charles Darwin, alikwisha kufikiria dawa yake katika miaka ya 1750: ekseli itulie, na kila gurudumu ligeuke kwenye kiungo chake. Baadaye Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi mjini Munich, aliunda mfumo wa namna hiyo. Wakala wake London, Rudolph Ackermann, mchapishaji na muuza picha mwenye duka mtaa wa Strand, aliusajili kwa hataza mwaka 1818. Hadi leo wahandisi huuita mfumo wa Ackermann. Aliyeuunda amesahauliwa, aliyejaza fomu ndiye anayekumbukwa.

Siri ya mfumo huo ni hesabu ndogo. Gari likikata kona, gurudumu la upande wa ndani hupita katika duara dogo kuliko lile la nje, kwa hiyo lazima ligeuke zaidi. Yakigeuka sawasawa, moja litaviringika na jingine litaburuzwa kwa ubavu. Kwa gurudumu la mbao lenye pete ya chuma, kuburuzwa kidogo hakukuwa msiba. Kwa tairi la mpira, kuburuzwa ndiko kuliwa kwenyewe.

Magari ya injini yalirithi tatizo hilo. Mfaransa Amédée Bollée alitumia viungo viwili katika gari lake la mvuke la mwaka 1873. Karl Benz, alipotoa gari lake la mwaka 1886, alilikwepa swali zima kwa kuweka gurudumu moja tu mbele. Ni mwaka 1893 ndipo alipopata hataza ya usukani wa magurudumu mawili na kuingiza sokoni gari la magurudumu manne.

Kona ikiwa imepatiwa ufumbuzi, zilibaki pembe mbili ambazo ndizo chanzo cha tairi za mbele kuisha vibaya hata leo. Ya kwanza ni kuinama. Tazama gari la mashindano kutoka mbele: magurudumu yake yamesimama kama miguu ya mtu aliyejitanua, juu yamekaribiana na chini yameachana. Sababu ni kwamba kwenye kona bodi hulala upande wa nje na kulisukuma tairi la nje lisimamie bega lake. Likiwa limeinamishwa ndani tangu mwanzo, kwenye kona litakaa bapa na kushika barabara kwa upana wake wote. Lakini barabara iliyonyooka haina huruma: huko bega la ndani ndilo linalobeba mzigo na kupata joto.

Pembe ya pili ni mwelekeo. Ukilitazama gari kutoka juu, magurudumu ya mbele yanaweza kuelekea mbele sambamba, kukaribiana kidogo kwa mbele, au kupanuka kidogo. Magari mengi ya mashindano hupanuliwa, kwa sababu hivyo huitikia usukani upesi zaidi. Malipo yake ni kwamba kwenye njia iliyonyooka kila gurudumu linavutwa kinyume na linakotaka kwenda, na mpira unasuguliwa mita kwa mita.

Ubishi huu ulionekana wazi Spa-Francorchamps, Ubelgiji, Agosti 2011. Pirelli walikuwa wamependekeza matairi ya mbele yasiinamishwe zaidi ya nyuzi 4. Red Bull walivuka kidogo kiwango hicho. Baada ya mbio za kupanga nafasi, mabega ya ndani ya matairi yao ya mbele yalikutwa na malengelenge. Kanuni zilikataza kubadili mpangilio wa gari wakati huo, na ilibidi waanze mbio na matairi yaleyale. Ombi la kubadilisha lilikataliwa. Timu ilikuwa na njia mbili: kuanzia nyuma kabisa, au kuwatuma madereva wawili kwenye mojawapo ya viwanja vya kasi kubwa kabisa duniani juu ya matairi yaliyojeruhiwa. Walichagua ya pili, wakawaita madereva mapema kubadilisha matairi. Sebastian Vettel alishinda, Mark Webber akawa wa pili. Msanifu wao, Adrian Newey, alisema baadaye kwamba zilikuwa miongoni mwa mbio zilizomtisha zaidi maishani. Ushindi haukuthibitisha kwamba uamuzi ulikuwa sahihi. Ulithibitisha tu kwamba matairi yalistahimili.

Miaka miwili baadaye, Silverstone, matairi kadhaa ya nyuma yalipasuka katikati ya mbio. Pirelli walitaja, pamoja na mambo mengine, upepo mdogo mno, kuinamisha kupita kiasi, na timu kubadilishana matairi ya kulia na kushoto. Kuanzia mbio zilizofuata Ujerumani, mapendekezo yaligeuzwa kuwa amri.

Mwaka 2020 Mercedes walijaribu kukwepa bei badala ya kuilipa. Katika majaribio ya Barcelona, Lewis Hamilton alionekana akivuta usukani kuelekea kifuani kwenye njia iliyonyooka, na magurudumu ya mbele yakabadili mwelekeo. Kabla ya kona aliusukuma urudi. Pembe moja kwa kona, nyingine kwa mnyooko. Ulisaidia pia kudhibiti joto la matairi. Mfumo huo uliruhusiwa msimu mmoja tu, kisha kanuni za 2021 zikaupiga marufuku.

Sisi hatuna usukani wa kuvuta. Lakini wapo wenzetu wanaoshusha magari yao chini ili yapendeze. Gari likishushwa, kwa kawaida magurudumu huinama ndani na mwelekeo wake huvurugika pia. Hapo dawa ni ileile ya historia: pima pembe upya mara baada ya kushusha, rekebisha mwelekeo kwa kuwa ndio unaosaga mpira upesi, angalia upepo, na kama saizi za mbele na nyuma ni sawa, yabadilishane nafasi kabla ya pengo kuwa kubwa. Kisha geuza usukani hadi mwisho, inama, na uangalie bega la ndani. Tairi linaweza kuonekana zima kwa mpita njia huku upande usioonekana umebaki nyuzi tupu.

Hivyo basi, gari halili tairi. Tunalilisha sisi, kwa kuchagua kona kuliko mnyooko au urembo kuliko vipimo. Si kosa kuchagua, maadamu anayechagua ndiye anayejua bei, na si abiria wake.