Vyanzo na Aina za Nguvu katika Taasisi: Funzo kutoka Force Publique ya Kongo, 1960

Waswahili husema, "Mwenye nguvu mpishe." Methali hiyo ni rahisi kuifuata pale mwenye nguvu anapojulikana. Katika taasisi, hata hivyo, mwenye ofisi kubwa si lazima awe ndiye mwenye nguvu. Insha hii inajadili vyanzo na aina za nguvu katika taasisi kwa kutumia mfano wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, na maasi yaliyolipata siku tano tu baada ya uhuru. Hoja yangu ni kwamba cheo na adhabu peke yake haviwezi kuishikilia taasisi.

Kwanza ni vyema kutofautisha nguvu na mamlaka. Nguvu ni uwezo wa mtu kuwafanya wengine watende anachotaka, hata pale wasipopenda. Mamlaka ni nguvu ambayo wanaotawaliwa wenyewe wanaikubali kuwa ni ya haki. Max Weber aliyagawa mamlaka katika aina tatu: ya jadi, ya kisheria na ya haiba ya kiongozi. Mwaka 1959, wataalamu wawili wa Marekani, John French na Bertram Raven, walitaja vyanzo vitano vya nguvu, navyo ni cheo, zawadi, adhabu, ujuzi na mvuto. Mwaka mmoja baadaye, jeshi la nchi yangu lilionyesha jinsi vyanzo hivyo vinavyoweza kutengana.

Force Publique iliundwa katika miaka ya 1880, wakati Kongo ilipokuwa mali ya mfalme Leopold II. Kufikia 1960 ilikuwa na askari wapatao 25,000, wakiongozwa na Wabelgiji wapatao 1,000. Hakukuwa na Mkongo hata mmoja mwenye cheo cha ofisa. Hivyo basi, nguvu ya cheo ilikuwa upande mmoja tu. Nguvu ya zawadi nayo ilikuwa huko huko, kwa kuwa Wabelgiji ndio waliopandisha vyeo na kupanga mishahara, na Mkongo alijua ngazi yake inaishia wapi. Kuhusu adhabu, kwa miaka mingi chombo chake kilikuwa mjeledi wa ngozi ya kiboko, na si ajabu kwamba katika Kiswahili mnyama na mjeledi vinaitwa kwa jina moja.

Ujuzi, kinyume chake, haukuwa wa upande mmoja. Askari wa Force Publique waliingia Tabora mwaka 1916 walipopigana na Wajerumani. Mwaka 1941 walipigana na Waitaliano huko Ethiopia, na wauguzi wao walifika hadi Burma katika Vita Kuu ya Pili. Miongoni mwao walikuwemo makarani, madereva na mafundi. Jeshi lilitegemea ujuzi huo kila siku, lakini halikuugeuza kuwa cheo. Dalili za hatari zilikuwepo zamani, kwani askari walikwisha kuasi Luluabourg mwaka 1895, na tena mwaka 1944.

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Makarani wa jana wakawa mawaziri, lakini kambini hakuna kilichobadilika. Kamanda mkuu aliendelea kuwa Jenerali Émile Janssens, aliyeshika nafasi hiyo tangu 1954. Tarehe 5 Julai aliwakusanya askari mjini Léopoldville, akaandika ubaoni kwa Kifaransa maneno yenye maana kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni mamoja. Siku hiyohiyo maasi yalianza, pale mjini na katika kambi ya Thysville. Kisheria Janssens bado alikuwa kamanda. Kilichokuwa kimeondoka ni ukubali wa waliokuwa chini yake, na bila huo cheo chake kilibaki kuwa maandishi ya chaki.

Waziri Mkuu Patrice Lumumba, ambaye pia alikuwa waziri wa ulinzi, alijaribu kuliokoa jeshi kwa njia ya zawadi. Alimpandisha kila askari cheo kwa ngazi moja na kumfukuza Janssens. Kisha jeshi likapewa jina jipya, Victor Lundula akawa kamanda, na Joseph Mobutu akawa mkuu wa wafanyakazi wa jeshi. Hatua hizo zilikuwa na haki ndani yake, ila zilichelewa. Zawadi inayotolewa baada ya bunduki kuinuliwa huonekana kuwa malipo ya maasi, wala haimjengei mtoaji heshima ya kudumu.

Hapa ndipo tunapoona chanzo kingine, yaani mahusiano. Mobutu alikuwa amewahi kuwa sajenti na karani katika jeshi hilohilo, kisha akawa mwandishi wa habari. Aliwajua askari, nao walimjua. Wakati wanasiasa wakigombana mjini, yeye alizunguka kambini akiwatuliza. Askari walipolipwa mwezi Septemba kwa msaada wa fedha za Umoja wa Mataifa, sifa zilimwendea yeye. Tarehe 14 Septemba 1960 alitangaza redioni kwamba anawasimamisha Rais Kasa-Vubu na Lumumba. Kwa cheo alikuwa kanali tu, chini ya Lundula, chini ya waziri, chini ya rais. Kwa nguvu halisi alikuwa amewapita wote. Lumumba aliuawa Januari 1961, na Mobutu akachukua urais Novemba 1965 na kukaa nao hadi 1997.

Mfano huu unatufundisha mambo mawili. La kwanza, taasisi inayofunga ngazi ya cheo mbele ya wenye ujuzi inajitengenezea maasi, hata kama yatachukua miaka. La pili, na ndilo linalonigusa zaidi kama Mkongo, ni kwamba mahusiano mema na watu si lazima yalete utawala mwema. Mobutu alijua kuvuta watu kuliko Janssens, lakini nguvu hiyo haikuwa na sheria ya kuidhibiti, na nchi ililipa gharama yake kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kwa kumalizia, taasisi iliyo salama ni ile ambayo cheo, ujuzi na imani ya watu hukutana kwa mtu mmoja, naye akawa chini ya sheria. Vinapotengana, tunapoambiwa tumpishe mwenye nguvu, inatupasa kwanza tuulize nguvu hiyo ameipata wapi na nani anaweza kumnyang'anya.