Bohari za Khanfu na Daftari la Mfukoni

Katika Akhbar al-Sin wal-Hind, kitabu ambacho sehemu yake ya kwanza ilikusanywa mwaka 851 kutokana na habari za mabaharia na matajiri wa Ghuba waliokuwa wakienda Uchina kwa pepo za msimu, mna maelezo ya forodha ya mji wa Khanfu, nao ndio Guangzhou wa leo. Jahazi lilipotia nanga, wakubwa wa serikali waliitwaa shehena yote wakaitia boharini, wakawa wadhamini wake kwa muda wa hadi miezi sita, mpaka chombo cha mwisho cha msimu kiwasili. Hapo ndipo walipokata tatu katika kumi kuwa ushuru, na kilichobaki wakawarudishia wenyewe. Mfanyabiashara, basi, alikaa mjini miezi kadhaa akiitwa tajiri ilhali mkononi hana kitu, maadamu mali yake ilikuwa amana ya bandari.

Mji huohuo, zaidi ya miaka 1,100 baadaye, uliletewa tena suala la nani ashike amana, na mara hii ukajibu kinyume. Shehena ya zama zetu ni maneno, picha na hesabu zipitazo hewani, na kila programu ya simu ipokeayo habari kutoka mtandaoni ina nyumba mbili za kuziweka: seva iliyo mbali, na hifadhi ya simu yenyewe. Habari hutoka kwenye seva ikiwa imefungwa furushi kwa mtindo wa seva, nayo simu haina budi kulifungua furushi hilo, kukitambua kila kilichomo, na kukipanga katika rafu zake, ili kesho mwenye simu akikitaka akipate hata kama mtandao haupo. Kazi hii ya ukarani, ambayo aghalabu haionekani wala haishukuriwi, ina tarikhi yake, na ukurasa mmoja mnene wa tarikhi hiyo uliandikwa Guangzhou.

Aliyeufungua ukurasa huo ni Zhang Xiaolong, mzaliwa wa jimbo la Hunan, ambaye katika miaka ya 1990 alitunga programu ya baruapepe iitwayo Foxmail. Kampuni ya Tencent ya Shenzhen iliinunua Foxmail mwaka 2005, ikamweka Zhang kuongoza kituo chake cha Guangzhou, na huko yeye na wenzake wakaishughulikia huduma ya baruapepe ya Tencent iitwayo QQ Mail kwa miaka kadhaa. Novemba 2010 kikundi kidogo cha kituo hicho kikaanza kuunda programu ya kutumiana ujumbe, na tarehe 21 Januari 2011 WeChat ikatoka. Baadaye ofisi zao zilihamia T.I.T, katika wilaya ya Haizhu, mahali palipokuwa zamani kiwanda cha mitambo ya kufumia nguo. Hilo ni jambo ambalo mtu wa Kariakoo, ambaye kwake yeye Guangzhou ni mji wa nguo kabla ya kuwa mji wa kitu kingine chochote, atalipokea kwa tabasamu.

Asili yao ya baruapepe haikuwatoka. Walipohitaji utaratibu wa kufikisha ujumbe kwenye simu, walifuata mfano wa ActiveSync, kanuni ya Microsoft ya kulinganisha sanduku la barua lililoko kwenye seva na lile lililoko mkononi. Mithali yake ni makarani wawili wenye daftari mbili: kila mtumiaji ana mfululizo wa namba zake pekee, upandao bila kurudi nyuma, na kila kipya kimjiacho hupewa namba iliyo juu ya zilizotangulia, nayo simu huikumbuka namba ya mwisho iliyoifikia. Tuseme imeishia 4,512. Mtandao ukirejea baada ya kupotea, simu haiulizi kuna nini. Husema tu kwamba imefika 4,512, na seva huipa yaliyo mbele ya hapo, wala haileti tena kilichokwisha kupokewa. Kwa mtandao wa simu wa miaka ile, uliokuwa ghali na wa kusuasua, huo ulikuwa uwekevu wenye busara.

Furushi likifika, ndipo kazi inapoanza. Chukua ujumbe mmoja wa bei ya jozi mia za viatu: mna namba yake, jina la aliyeutuma, wakati uliohesabiwa kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, aina yake, na maneno yenyewe. Programu huufungua, ikaushika kwa muda katika umbo la msimbo wake, kisha ikaulaza katika mstari mmoja wa jedwali, kila sifa katika safu yake. Jedwali lenyewe limo ndani ya SQLite, hifadhidata ndogo aliyoianzisha D. Richard Hipp mwaka 2000, wakati alipokuwa na kazi ya programu ya manowari ya Marekani akachoshwa na kukwama kila mara seva ya hifadhidata ilipozimika; akaunda hifadhidata isiyohitaji seva, yote ikiwa faili moja. Taabu iliyobaki ni kwamba seva na simu hazibadiliki kwa pamoja. Seva huongezewa sifa mpya leo, ilhali simu ya mtu ingali na toleo la mwaka juzi na jedwali lake la kale. Na fundi akiandika kwa mkono kila amri ya kuhamisha sifa hii kwenye safu ile, siku moja atasahau, na safu itabaki tupu pasipo mtu kujua. Kwa sababu hiyo mafundi wa WeChat walitunga WCDB, wakaitoa hadharani mwaka 2017: kwenye iPhone, fundi hutaja mara moja tu sifa ipi iende safu ipi, na sifa mpya ikiongezwa, jedwali la zamani huongezewa safu, na yaliyomo hayaguswi.

Kisa cha MMKV, ndugu yake WCDB, kinanipendeza zaidi. Ilitokea kwamba maandishi fulani yenye herufi za ajabu, yakionyeshwa kwenye iPhone, huiangusha programu nzima kwa kasoro ya mfumo wa simu. Na ubaya wa hifadhi ya ndani ni kwamba kilichohifadhiwa hurudi, hata mtu akiifungua programu tena, ujumbe uleule humtokea, nayo huanguka tena. Mafundi wakaamua kutia alama: kabla ya kuonyesha maandishi, andika kwamba yanaanza, yakishaonyeshwa salama, futa, na ukiamka ukaikuta alama haikufutwa, basi hayo ndiyo yaliyokuua. Walakini alama hiyo ilibidi iandikwe kwa kila ujumbe upitao mbele ya macho, na isalie hata programu ikifa ghafla, ilhali njia za kawaida za kuandika ama zilikuwa nzito, ama ziliipoteza alama pamoja na marehemu. Wakaegemea mmap, njia ya kale ya mifumo ya kompyuta iunganishayo faili na kipande cha kumbukumbu, hata programu ikaandika kwa wepesi na mfumo ukabeba dhamana ya kuyafikisha maandishi kwenye faili, mwandishi awe hai au amekufa. Zana hiyo ndiyo MMKV, nayo ilitolewa hadharani mwaka 2018.

Januari mwaka huohuo Tencent ilitangaza kwamba haiweki mazungumzo ya watumiaji wa WeChat, na kwamba yako katika vifaa vyao tu. Wako waliosadiki, na wako waliotia shaka. Kwa mtumiaji wa kawaida matokeo ni mamoja: bohari i kiganjani mwake, na bandari si mdhamini tena. Faili ile moja ikiharibika, labda kwa simu kujaa au kuzimika katikati ya kuandika, hakuna nakala ya kuombea. Ndiyo maana WCDB ilitiwa zana ya kuichimbua mistari iliyosalimika ndani ya faili iliyovunjika.

Haya yanawagusa watu wetu. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh aliyefikia mtaa wa Xiaobei huko Guangzhou, ashukapo ghorofa ya chini ya soko ambako mtandao hauingii, hufungua simu akaipata bei aliyopewa mwezi uliopita, na picha ya kitambaa, na anwani ya kiwanda kwa herufi za Kichina, ambazo yeye hawezi kuzisoma lakini dereva wa teksi huzisoma. Vyote hivyo ni mistari ya jedwali lililo ndani ya simu ile moja. Akirudi nyumbani akanunua simu mpya, akaingia kwa neno lake la siri, marafiki zake atawakuta, mazungumzo hatayakuta. Basi, ewe msomaji unayekwenda huko, kabla hujaiuza simu ya zamani ziweke zote mbili katika Wi-Fi moja, uhamishe mazungumzo kutoka hii kwenda ile, wala usiiachilie ya kwanza mpaka umekwisha kuiona bei ya viatu katika ya pili.