KITI CHA KINYOZI NA HABARI ZA AFYA



Kamati ilipotuomba sisi walimu tuandike jambo la historia kwa toleo hili la kumbukumbu, wengi walidhani tutasimulia tena safari yetu ya kuja hapa. Hiyo wenzetu wameisimulia katika kurasa nyingine. Sisi tumechagua kuandika juu ya vinyozi Weusi wa Marekani, na sababu yake ni jambo tuliloliona hapa kambini wakati wa ugonjwa wa Korona. Mwaka 2020 gari la kipaza sauti lilikuwa likipita asubuhi likitangaza namna ya kujikinga. Watu walisikiliza kwa adabu, halafu wakaenda kwa kinyozi kuuliza kama maneno yale ni ya kweli. Baadhi ya wafanyakazi wa mashirika walishangaa. Sisi tulikumbuka tuliyoyasoma juu ya Marekani.

Katika enzi za utumwa huko Marekani, kunyoa kulihesabiwa kuwa kazi ya utumishi, na katika majimbo ya Kusini ilifanywa sana na Weusi, watumwa na walioachwa huru. Waliowanyoa ni Wazungu. Hata baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, vinyozi Weusi waliopata fedha nyingi walikuwa wale wenye maduka ya Wazungu watupu, ambamo Mweusi mwenzao hakuweza kukalia kiti. Ni habari ya aibu, nasi hatuoni sababu ya kuificha. Lakini fedha za viti vile zilifanya kazi kubwa. Alonzo Herndon, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1858, alikuwa na maduka ya kunyolea mjini Atlanta, na mwaka 1905 akaanzisha kampuni ya bima kwa ajili ya watu wake. Huko Durham, North Carolina, John Merrick, naye mzaliwa wa utumwani, alikuwa akimnyoa tajiri wa tumbaku Washington Duke. Mwaka 1898 Merrick alishirikiana na daktari Mweusi, Aaron Moore, na wenzao wengine kuanzisha kampuni ya bima ya North Carolina Mutual. Mwaka 1901 ikafunguliwa mjini humo Hospitali ya Lincoln kwa ajili ya Weusi, kwa fedha za familia ya huyo Duke. Kinyozi na daktari walianza kusaidiana zamani sana.

Baadaye, karne ya 20 ilipoanza, vinyozi wengi Weusi walihamia mitaa ya Weusi na kuwanyoa watu wao wenyewe. Hapo ndipo duka la kinyozi lilipopata sura tunayoijua hata huku kwetu. Mtu anakaa saa nzima akingoja zamu, anasikia habari za mji, anabishana juu ya siasa bila kuangalia nyuma kuona nani anasikiliza. Tena mtu uliyemwachia wembe shingoni miaka kumi, huna haja ya kumwomba kitambulisho.

Wakati huohuo imani ya watu hao kwa madaktari wa serikali ilikuwa inavunjwa. Mwaka 1932, katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, Idara ya Afya ya Marekani iliwaandikisha wanaume Weusi 600, wengi wao wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa. Walipewa chakula siku za kupimwa na ahadi ya gharama za maziko. Kumbe nia ilikuwa kuwatazama tu, kuona ugonjwa ule unamfikisha mtu wapi. Miaka ya 1940 penisilini ilipojulikana kuwa inaponya kaswende, hawakupewa. Jambo hilo liliendelea miaka 40 mpaka magazeti yakalifichua mwaka 1972, na Rais Clinton akaomba radhi kwa niaba ya taifa mwezi Mei 1997. Tunaomba wasomaji wetu wa mashirika watulie kidogo hapa. Anapokataa mtu sindano, kwa haraka huitwa mjinga. Watu wa Macon hawakuwa wajinga. Walikubali kila walichoambiwa, na hicho ndicho kilichowaponza.

Ukimwi ulipoingia katika miaka ya 1980, huko Columbia, South Carolina, mwanamke mmoja msusi, DiAna DiAna, aliona wateja wake hawana wa kuwaeleza. Akaanza kutoa mafunzo na kondomu ndani ya saluni yake. Alipoona watu wanaona haya kuzichukua, akazifunga kwa karatasi za rangi kama zawadi. Hakungoja mradi.

Somo ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko yote linatoka Los Angeles. Daktari Ronald Victor na wenzake walichagua maduka 52 ya vinyozi na wanaume Weusi 319 wenye presha ya juu. Wakawagawa mafungu mawili. Katika fungu moja kinyozi alimhimiza mteja abadili maisha na aende kumwona daktari. Katika fungu la pili kinyozi alihimiza vilevile, lakini mfamasia naye alifika palepale dukani, akapima na kuandika dawa kwa makubaliano na daktari wa mgonjwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Baada ya miezi sita kipimo cha juu cha presha kilikuwa kimeshuka kwa wastani wa 27 katika fungu la pili, na 9 tu katika fungu la maneno matupu. Vinyozi walikuwa wa namna moja na imani ya wateja ilikuwa ileile. Kilichotofautisha ni dawa kuja pamoja na neno.

Korona ikafika. Machi na Aprili 2020 majimbo mengi yalifunga maduka ya vinyozi, na watu wale wakakosa mahali pa kuulizana wakati walipopahitaji zaidi. Mwaka huo, ukilinganisha watu wa umri mmoja, Weusi walikufa takriban mara mbili ya Wazungu. Wengi walikuwa katika kazi zisizofanyika nyumbani. Chanjo zilipopatikana Desemba 2020, neno la Alabama likarudi midomoni. Huko Maryland, Profesa Stephen Thomas wa chuo kikuu alikuwa ameshafanya kazi na vinyozi miaka mingi kabla ya Korona, basi hakuanza kutafuta marafiki siku ya msiba. Mwaka 2021 saluni moja ya mji wa Hyattsville iligeuzwa kituo cha chanjo, sindano zikatolewa mlemle. Tarehe 2 Juni mwaka huo serikali ya Rais Biden ikatangaza mpango wa kushirikisha hadi maduka 1,000 ya vinyozi na wasusi Weusi. Shabaha ya nchi nzima ilikuwa asilimia 70 ya watu wazima wapate angalau sindano moja ifikapo 4 Julai. Siku hiyo ilikuwa kama asilimia 67. Vinyozi hawakufanya muujiza. Tena walibeba mzigo wao: Aprili 2021 chanjo ya Johnson & Johnson iliposimamishwa kwa siku 10, aliyeulizwa kwanza mtaani alikuwa kinyozi, si waziri.

Wiki iliyopita tulimwuliza kinyozi jirani wa shule yetu kama angekubali kipimo cha presha kiwekwe kibandani mwake. Aliendelea kunyoa kwanza. Kisha akasema atakubali kama vidonge vitakuja pamoja nacho, na akatuuliza: siku vidonge vikiisha, ni nani atakayekaa hapa kuwajibu wateja wake? Swali hilo tumelipeleka katika kikao cha Kamati, na wawakilishi wa afya wamealikwa.