Bei ya Jina: Asili ya Biashara ya Majina ya Intaneti na Masoko Mahususi

Mnamo Novemba 1983, Paul Mockapetris, mtaalamu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Southern California, alitoa maandishi mawili yaliyopendekeza utaratibu mpya wa kuziita kompyuta kwa majina. Kabla ya hapo majina yote ya mtandao wa ARPANET yaliwekwa katika orodha moja, iliyotunzwa huko California na ofisi ya Elizabeth Feinler. Aliyetaka jina aliiomba ofisi hiyo, nayo ikaongeza mstari. Orodha ilipozidi kurefuka, kazi ilibidi igawanywe: kila kikoa, yaani kila tawi la majina, kingeshika orodha yake. Huo ulikuwa utaratibu wa mafundi, wala si wa wafanyabiashara. Jambo hilo linafaa kukumbukwa, kwa sababu miaka 12 tu baadaye mistari ya orodha hizo ilikuwa na bei.

Katika mwaka 1985 majina yaliyoandikishwa chini ya kikoa cha .com yalikuwa 6 tu. La kwanza, symbolics.com, lilichukuliwa tarehe 15 Machi na kampuni ya Massachusetts iliyotengeneza kompyuta. Jina lilitolewa bure kwa aliyetangulia kuomba, na kanuni hiyo ilidumu hata baada ya kampuni ya Network Solutions kukabidhiwa uandikishaji mwaka 1993. Udhaifu wake ulionekana mwaka uliofuata. Mwandishi wa habari Joshua Quittner aliandikisha mcdonalds.com, kwa kuwa kampuni yenye jina hilo, maarufu duniani kote, haikuwa imejali kufanya hivyo. Alilirudisha baada ya kampuni kutoa dola 3,500 ili shule moja ya Brooklyn iunganishwe na intaneti.

Tarehe 14 Septemba 1995 ubure ulikoma. Kila jina likalipiwa dola 100 kwa miaka miwili. Mtu angetazamia kwamba ada hiyo ingewafukuza waombaji, lakini haikuwa hivyo. Jina likawa kama kiwanja cha mjini, ambacho hununuliwa, huuzwa, au huachwa kikiota majani mpaka bei ipande. Business.com liliuzwa mwaka 1997 kwa dola 150,000. Mwaka 1999 likauzwa tena kwa dola milioni 7.5. Bei za namna hiyo ndizo zilizowafanya wengi waamini kwamba utajiri umo ndani ya neno lenyewe. Imani hiyo haina msingi imara katika historia ya biashara zilizofuata.

Jeff Bezos, alipokuwa bado mwajiriwa wa kampuni ya fedha ya New York, hakuanza kwa kutafuta jina. Alilinganisha bidhaa zipatazo 20 ambazo zingeweza kuuzwa kwa njia ya intaneti, akachagua vitabu. Sababu yake ilikuwa wingi wa anwani za vitabu vilivyochapwa duniani, zilizozidi milioni tatu. Hakuna duka la matofali ambalo lingeweza kuziweka zote rafuni. Msomaji wa kitabu kisichojulikana, ambaye peke yake si soko, akawa soko alipojumlishwa na maelfu ya wenzake waliotawanyika. Hilo ndilo soko mahususi: fungu la wanunuzi wachache wenye haja moja, ambao duka la kawaida huwapuuza kwa uchache wao. Jina lilikuja baadaye. Kampuni iliyoanzishwa Julai 1994 iliitwa kwanza Cadabra, lakini mwanasheria alilisikia neno hilo kana kwamba ni neno la Kiingereza lenye maana ya maiti. Hivyo likachaguliwa jina la mto wa Amazon, ambalo pia lilianza kwa herufi A na kutangulia katika orodha za kialfabeti za wakati ule.

Mfano wa upande wa pili ni Pets.com. Jina lilikuwa fupi, la wazi, na soko lake, yaani watu wafugao mbwa na paka majumbani, lilijulikana vizuri. Kampuni iliuza hisa zake kwa umma mwezi wa Februari 2000, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo ikafungwa. Mifuko ya chakula cha wanyama ni mizito, kuisafirisha ni ghali, na bidhaa nyingi zilikuwa zikiuzwa kwa bei iliyo chini ya gharama. Jina zuri liliwaleta wateja wengi. Kila mteja akaongeza hasara.

Badiliko kubwa zaidi lilitokea mwaka 1998, nalo halitajwi sana. Bill Gross wa kampuni ya Idealab, huko Pasadena, alianzisha GoTo.com, mahali ambapo wenye matangazo walipigania maneno ya kutafutia kama katika mnada: aliyelipa zaidi kwa kila mgeni aliyeletwa ndiye aliyewekwa juu. Ili mnada ufanyike, ilibidi wanunuzi waonyeshwe ni mara ngapi kila neno lilitafutwa katika mwezi uliopita. Hivyo, kwa mara ya kwanza, mfanyabiashara mdogo asiye na fedha za utafiti aliweza kuhesabu haja za watu kabla ya kununua bidhaa hata moja. Wawindaji wa maneno wakatokea. Walitazama neno lenye watafutaji wengi na wauzaji wachache, wakaandikisha jina la kikoa linalofanana nalo herufi kwa herufi, wakabandika matangazo humo, wakangoja. Njia hiyo iliwalipa wengi hadi Septemba 2012, Google ilipopunguza upendeleo kwa tovuti duni zilizotegemea jina pekee. Sheria nayo ilikuwa imekwisha kuweka mpaka: tangu 1999 Marekani ilikataza kuandikisha alama ya biashara ya mwingine kwa hila, na katika mwaka huo huo ikaanza kanuni ya kimataifa ya kusuluhisha migogoro hiyo. Maneno ya kawaida ya lugha yalibaki ya aliyewahi.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hesabu hiyo ya maneno ina jambo la kuchunguzwa. Majina ya vikoa yaliandikwa kwa herufi 26 za Kilatini, tarakimu na kistari. Kiswahili huandikwa kwa herufi hizo karibu bila kupoteza chochote, wakati Kifaransa kililazimika kuvua alama zake, na Kiarabu kikangoja hadi 2010, Misri, Saudia na Falme za Kiarabu zilipopata vikoa vya nchi kwa hati yao. Lakini urahisi wa herufi si soko. Mnada ulihesabu maneno yaliyoandikwa katika kompyuta tu. Haja ya fundi wa Lubumbashi anayetafuta kipuri, ikisemwa sokoni kwa Kiswahili na isiandikwe popote, haikuingia katika hesabu, hata kama wenye haja hiyo ni maelfu.

Yabaki majina ya nchi. Jon Postel, katika maandishi yake ya Machi 1994, alikataa kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi. Alifuata orodha ya kimataifa ya herufi mbili mbili, ISO 3166. Bahati ya herufi ikawa mali. Visiwa vya Tuvalu vilipewa .tv, zinazosomwa kama kifupi cha televisheni, na mwaka 2000 kampuni iliyotokana na Idealab ile ile iliahidi kuvilipa dola milioni 50 katika miaka 12. Mwaka huo Tuvalu iliingia Umoja wa Mataifa. Anguilla, yenye .ai, ilipata mwaka 2023 takribani dola milioni 32 kwa sababu ya umaarufu wa akili mnemba, zaidi ya sehemu moja kwa tano ya mapato ya serikali yake.

Zaire ilikuwa na .zr. Nchi ilipobadili jina Mei 1997, kikoa kipya cha .cd kilianzishwa mwaka huo, na kile cha zamani kikafutwa mwaka 2001, pamoja na anwani zote ambazo hazikuwa zimehama. Herufi hizo mpya zilikuwa pia kifupi cha diski za muziki, bidhaa ambayo wanunuzi waliiacha muda si mrefu baadaye. Mwishoni mwa Desemba 2020 jina scpt-network.com, ambalo sehemu ya kompyuta zinazoelekeza anwani za .cd zililitegemea, lilipitwa na muda wake bila kulipiwa tena. Mtafiti wa usalama wa kompyuta kutoka Sweden aliliona, akaliandikisha ili lisiangukie mikono mibaya, akawaarifu wahusika. Maelezo yake, yaliyotolewa Januari 2021, yalionyesha kwamba mwenye jina hilo angaliweza kupotosha karibu nusu ya mawasiliano yote yaliyoelekezwa kwenye kikoa cha nchi. Jina lilikuwa limerudi sokoni, na lilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angetangulia kuliomba.