Mkaa wa Ufipa na Sufuria Yako

Sufuria yako ya alumini ilikula mkaa kabla haijafika jikoni kwako. Mkaa wenyewe si wa mti. Ni koki ya petroli, kaboni ngumu inayobaki mafuta ghafi yakishasafishwa. Ikiwa mbichi ina unyevu na gesi, kwa hiyo huchomwa tena kwenye joto linalopita nyuzi 1,200 za Selsiasi, kwa hewa kidogo isije ikateketea. Kinachotoka ni kaboni karibu tupu, inayopitisha umeme vizuri. Huchanganywa na lami ya makaa ya mawe, hufinyangwa kuwa matofali makubwa na kuokwa, kisha huzamishwa katika chumvi iliyoyeyuka yenye alumina. Umeme ukipita, kaboni huinyang'anya alumina oksijeni na kuondoka nayo kama hewa ukaa. Tani moja ya alumini humaliza kilo 400 hivi za kaboni. Njia hiyo iligunduliwa na Hall na Héroult mwaka 1886, na ndiyo iliyotumiwa na kiwanda cha Mozal, Msumbiji, kilipoanza kazi mwaka 2000.

Nikisoma hayo, mawazo yangu huenda Ufipa.

Kwenye uwanda ule ulio juu ya Ziwa Rukwa, mafundi wa Kifipa walijenga malungu, matanuri ya udongo yenye kimo cha mita tatu hivi. Hayakuwa na mivukuto. Urefu wake wenyewe ulivuta hewa kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika.

Kazi hiyo ilihitaji mkaa. Mti ukichomwa kwa hewa kidogo hupoteza maji na gesi, hubaki kaboni. Ndani ya ilungu, mkaa ulitoa joto, na pia uliyanyang'anya mawe ya chuma oksijeni yake. Metali ni nyingine na moto ni mwingine, lakini kazi ya kaboni ni ileile.

Mafundi walikuwa na miiko yao na kikapu cha dawa, intangala. Padri Wyckaert aliandika habari zao mwaka 1914, na baadaye mwanaakiolojia Bertram Mapunda akayachunguza matanuri yenyewe. Hata hivyo, Sumbawanga, mji ambao jina lake hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", bado husimuliwa kwa uchawi tu. Dawa tunaikumbuka, hesabu ya hewa, udongo na mkaa tumeiacha.

Majembe ya kigeni yalipozidi sokoni, malungu yakapoa. Leo Tanzania haiyeyushi alumini yake kutoka kwenye madini, tunainunua nje.

Baadhi ya malungu bado yamesimama, mvua ikiyala taratibu. Mwanafunzi wa sekondari hapo Sumbawanga anapofundishwa jinsi kaboni inavyoondoa oksijeni kwenye madini, mfano ulio karibu naye hauko Ulaya. Uko kilimani, na unastahili kuingia kwenye daftari lake kabla haujaporomoka.