Corona Kenya 2020: Miaka 13 hadi 58 tu ndio ruksa ibadani

Wadau, kwa waliosahau: tarehe 6 Julai 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nyumba za ibada zifunguliwe tena. Masharti: watu wasiozidi 100, ibada saa 1 tu. Walio chini ya miaka 13, waliozidi 58 na wenye magonjwa sugu wabaki nyumbani. Sunday school na madrasa bado zifungwe.

Sababu? Corona ilikuwa inaua zaidi wazee na wagonjwa.

Walioafiki walisema heri babu akose kanisa kuliko kumzika. Waliopinga wakauliza: mbona kwenye matatu hatuulizwi umri? Na padri au shehe wa miaka 60 je, naye asiongoze ibada?

Wewe ungekuwa na miaka 59 ungekubali?