Nusu kichaa

Nilikuwa stendi ya Kibondo nasubiri gari la Kasulu. Mzee mmoja aliposikia mimi ni mwandishi akanitega: "Mwanangu, mtu akiua, naye si mzima sana wala si kichaa, sheria yenu inamwitaje?" Nikabaki natazama vumbi. Nikamwahidi jibu.

Jamani, nimechimba. Kanuni ya Adhabu tuliletewa na Waingereza mwaka 1930, na ndani yake akili ina vyumba viwili tu. Ukithibitisha ulikuwa mwendawazimu wakati unatenda, hunyongwi. Unawekwa chini ya uangalizi, pengine Isanga kule Dodoma. Ukishindwa, wewe ni mzima, na kuua kwa kukusudia kuna adhabu moja: kunyongwa. Jaji hana pa kukwepea.

Mwaka 1957 Waingereza wakajijengea kwao chumba cha katikati, ambacho Scotland ilikuwa nacho tangu karne ya 19. Akili ikiwa na hitilafu kubwa, ingawa si wazimu, kosa linashuka na kuwa kuua bila kukusudia. Sisi chumba hicho hatukuletewa (uhuru ulipokuja hatukukijenga wenyewe pia, tusiwasingizie wakoloni kila kitu).

Hapa kwetu majaji walitumia dirisha jingine: hasira ya ghafla. Mwaka 1941, Uganda, Fabiano Kinene na wenzake walimkuta mzee usiku anatambaa uchi uani kwao. Wakaamini ni mchawi, wakamuua. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikasema walichokozwa, kosa likashushwa. Lakini mwaka 1951 Eria Galikuwa, aliyemuua mganga aliyekuwa akimdai pesa na kumtishia kifo, aligonga mwamba. Hofu ya kurogwa kesho, ilisema mahakama, si hasira ya papo hapo. Mahakama hiyo ilisikiliza rufaa za Tanganyika pia, kwa hiyo maneno yake yaliwahusu hadi watu wa Kasulu.

Kinachoniuma ni kwamba Uganda ilikuja kukiweka chumba cha katikati katika sheria yake. Mtu wa namna hiyo kule hahukumiwi kifo. Kwetu, hata Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilitamka tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu, kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kunavunja haki ya kuishi.

Nikipita tena Kibondo nitamtafuta yule mzee. Nitampa shikamoo kwanza, halafu nimwambie: kwa sheria yetu, huyo anaitwa mzima.